Nchi ya Maji Nyuma ya Rumonge

Rumonge

Mtu akifika Rumonge kwa mara ya kwanza, macho humkimbilia ziwani, na yana haki. Asubuhi mapema milima ya Kongo inaonekana ng'ambo kabla mwanga haujaifuta. Mitumbwi ya usiku inarudi, imeunganishwa kwa nguzo, taa zimezimwa. Ufuoni akina mama wanatandaza ndagala ili jua liwawahi. Kwetu ni dagaa hao hao, na mukeke wanaopangwa pembeni juu ya mabati ndio migebuka tunayoijua. Kando ya soko wanachomwa kwa mkaa, wanakuja na ndizi na pilipili, na mtu halazimiki kusema neno mpaka amemaliza.

Mimi ni mtoto wa Kigoma. Ziwa hili nimelala nalo na kuamka nalo, na safari hii sikuja kwa ajili yake. Ukilipa kisogo ukiwa pale sokoni unaona michikichi, safu baada ya safu, kisha vilima vyekundu vyenye mihogo na migomba, kisha ukuta wa milima ambao wingu halibanduki juu yake. Huko ndiko nilikotaka kwenda. Nimerudi nikitamani watu wa kwetu, wa Ujiji, wa Kalemie, wa Uvira, wote tunaokula kwa mkono wa ziwa, waijue nchi ile ya juu. Tunalizungumzia ziwa kana kwamba lilijijaza lenyewe.

Warundi wana majina ya kila ngazi ya nchi yao. Tambarare ya ufukweni ni Imbo, joto na mawese. Mteremko mkali unaopanda kutoka hapo ni Mumirwa. Ukishafika juu, kaskazini ni Mugamba na kusini ni Bututsi, nchi ya malisho, baridi na ng'ombe. Ziwa liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Gikizi, huko Bututsi, kimepita mita 2,000, na kutoka Rumonge hadi hapo, kwa mwendo wa ndege, hapafiki kilomita 50. Katika umbali mdogo hivyo unabadilisha hewa, chakula, nguo, na hata namna ya kusalimiana.

Kiswahili cha Rumonge ni cha zamani. Kililetwa na wafanyabiashara wa Ujiji katika karne ya 19, enzi za Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, ambaye alitaka kuipanda hiyo milima na kuuteka ufalme wa Burundi, na Mwami Mwezi Gisabo akamzuia. Kimetiwa nguvu upya na watu waliorudi kutoka Tanzania. Kijana aliyenisindikiza safari nzima alizaliwa Mishamo. Anaongea Kirundi chenye lafudhi ya Mpanda, na huko mlimani walimcheka kidogo kwa ajili hiyo.

Habari ya Mishamo siwezi kuiruka. Mwishoni mwa Aprili 1972, uasi ulizuka hapa hapa, Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ilijibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima kwa miezi, wasomi na wanafunzi mbele ya wengine. Wanaokadiria kwa tahadhari wanataja watu laki moja, wengine wanafika laki tatu. Wengi walionusurika wa ufukwe huu walivuka kuja kwetu, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengi wa waliorudi baada ya miaka zaidi ya 30 walikuta michikichi ya baba zao ina wenyewe wengine. Mashauri ya ardhi Rumonge yametokana na hapo, na mengine hayajaisha. Kijana wangu aliniambia bila kupandisha sauti, "Dada, sisi tuna kaburi la babu tunalolijua kwa kukisia." Kisha akanionyesha njia ya kwenda kununua mkate wa safari.

Kasumo

Tulianzia juu kabisa ili tushuke na maji. Eneo la Rutovu, nyanda za Bututsi, lilizaa marais watatu wa Burundi waliofuatana: Michel Micombero, Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya. Nilitarajia kuona dalili ya ukubwa huo. Niliona vilima vya mviringo vilivyofunikwa nyasi fupi, nyumba zimesambaa mbali mbali, kila moja na boma lake, wala hakuna kijiji cha kubanana kama vya kwetu. Mrundi wa mlimani hukaa kwenye kilima chake, na ukimwuliza anakotoka hutaja kilima.

Chini ya Gikizi kuna chemchemi iitwayo Kasumo. Maji yanatoka kwenye mfereji mdogo uliojengewa, kiasi cha kujaza ndoo bila haraka, na hapo ndipo mwanzo wa mto Nili ulio kusini kuliko yote. Mjerumani Burkhart Waldecker ndiye aliyeufuata mto kwenda nyuma, kijito kwa kijito, katika miaka ya 1930, na mwaka 1938 ikajengwa piramidi ndogo ya mawe juu ya kilima kukumbusha Misri. Kutoka Kasumo maji yanapata mto Ruvyironza, halafu Ruvubu, halafu Kagera, yanaingia Ziwa Viktoria, na mbele yake kuna Uganda, Sudan zote mbili na Misri mpaka Bahari ya Kati. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 6,600.

Wenyeji hawakuhitaji kuambiwa kwamba pana maji hapo. Nilimkuta msichana akiosha viazi chini kidogo ya mfereji, na tulisubiri amalize ndipo tukanywa.

Pale nilikaa nikiwaza juu ya Novemba 1871. Siku chache baada ya kukutana Ujiji, Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi wakaambaa na ufukwe huu wa Burundi kuelekea kaskazini. Walikuwa na swali moja: mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Kama unatoka, basi huenda Tanganyika ndiyo mama wa Nili. Burton na Speke walikuwa wameuliza hilo hilo mwaka 1858 walipofika Uvira, wakajibiwa na wenyeji kwamba mto unaingia. Livingstone na Stanley wakaushuhudia kwa macho yao: unaingia. Mugere, kusini mwa Bujumbura, lipo jiwe kubwa lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Livingstone alikufa 1873 bado akiutafuta Nili, mbali sana kusini. Lakini siku zile za mtumbwi alikuwa akipita chini ya ukuta ule ule ninaouona kutoka sokoni Rumonge. Wapiga makasia wakiweka nanga, mtu mwenye miguu mizuri akapanda siku mbili tatu, angeyakanyaga maji aliyokuwa akiyatafuta. Sijui kama kuna sehemu nyingine duniani ambako jibu limekaa karibu hivyo na muulizaji.

Mgongoni

Tuliondoka alfajiri na mzee mchungaji, ndugu wa mbali wa kijana wangu upande wa mama, aliyekubali kutuvusha hadi upande wa Bururi kwa njia za ng'ombe. Alivaa koti refu la mvua, kofia ya kufuma na mabuti ya mpira, na mkononi fimbo ndefu ya kuchungia. Alitazama viatu vyangu, akaingia ndani, akatoka na mabuti mengine. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea.

Kwa mbali nyanda zile ni kama zulia kavu. Nyasi ni fupi, ngumu, zina rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, na upepo unazilaza zote upande mmoja. Warundi huziita ishinge. Ni nyasi za ardhi iliyochoka, ardhi chachu iliyolishwa miaka na miaka, na ng'ombe huzila kwa sababu hapana jingine. Ukikanyaga ndipo unajua. Mteremko wote unavuja. Maji hayatoki mahali pamoja. Yanatoka jasho, kila hatua, na kwenye mabonde baina ya kilima na kilima yanakusanyika yakakaa. Hapo chini ardhi inatitia. Unakanyaga hapa, na nyasi za hatua tatu mbele zinatikisika.

Mzee alitufundisha kutembea. Usikanyage pa kijani kibichi kinachong'aa, hapo ni kuvumwani juu ya maji na mguu unazama hadi gotini. Kanyaga kwenye mafundo ya nyasi yaliyoinuka, moja baada ya jingine, bila kusimama, na fimbo itangulie. Ukiona ng'ombe wamezunguka mahali, zunguka. Tulivuka bonde la kwanza hivyo, kimya, kila mmoja akisikiliza miguu yake. Kulikuwa na maua marefu ya rangi ya moto yamesimama ndani ya maji kama mienge, na vyura walikuwa wakiita kila upande mpaka tukikaribia, kisha duara la ukimya linatufuata tunavyokwenda.

Katikati ya bonde nilichoma fimbo chini. Ilizama nusu yake bila kugonga kitu, na iliyotoka ilikuwa nyeusi, ikinuka majani ya zamani. Huo si udongo wa kawaida. Ni mimea iliyokufa bila kuoza, kwa kuwa maji yamezuia hewa isiifikie, tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka. Warundi huuita nyiramugengeri. Ukikatwa matofali na kukaushwa juani unawaka. Burundi ilianzisha shirika la umma la kuuchimba, ONATOUR, mwaka 1977, na kambi za jeshi na magereza yamekuwa yakipikia nishati hiyo badala ya kuni.

Bonde kama lile linatunza pia kumbukumbu. Kaskazini mwa hapa, kwenye mgongo huu huu wa milima, kuna kinamasi cha Kashiru, mita 2,240 juu ya bahari. Mtaalamu wa Kifaransa Raymonde Bonnefille na wenzake walitoboa hapo, wakatoa udongo mweusi wa kina kirefu na kuhesabu chini ya darubini chavua za mimea zilizolala ndani yake. Jamii nyingi za mimea zina chavua ya umbo lake, na kwenye maji yasiyo na hewa haiozi. Walisoma miaka 40,000. Katika makadirio waliyoyachapisha 1990, wakati wa baridi kuu ya dunia nchi hii ilikuwa na ubaridi unaozidi wa leo kwa nyuzi nne hivi, na mvua pungufu. Misitu ilirudi nyuma, nyasi zikashuka, kisha joto likaja na misitu ikapanda tena. Habari yote hiyo imetunzwa na matope ambayo mtu anaweza kuyavuka kwa dakika kumi na kuyasahau.

Kwa hiyo nilipomwona mzee anatema mate pembeni na kusema kwamba bonde hili "halifai kitu, ni la maji tu", nilitaka kubishana. Sikubishana. Yeye ndiye aliyepoteza ndama humo.

Tulisimama kwa maziwa nyumbani kwa dada wa yule mzee, ubavuni mwa kilima cha tatu au cha nne. Mvua ya manyunyu ilikuwa imeanza. Salamu zilichukua muda wake: amahoro, amashyo, habari za mvua, habari za mifugo, mikono imeshika mkono na mkono wa kushoto umeshika kiwiko. Nilipewa kigoda. Maziwa mgando yaliletwa katika chombo cha mti kilichochongwa, chenye kifuniko cha kusuka kilichochongoka, kinachonukia moshi wa kukifukizia. Nilitaka kuyapokea nikiwa nimesimama kwa adabu zetu za haraka. Mama yule akaniashiria nikae. Maziwa hunywewa umekaa. Na alipojua kwamba tulikuwa na karanga kwenye kifurushi, aliomba tuziache ndani ya mfuko tusichanganye, kwa sababu wazee waliona kwamba maziwa na karanga tumboni pamoja yanamdhuru ng'ombe aliyeyatoa. Tulikunywa maziwa, tukala viazi vya moto kwa chumvi, na karanga tulizila baadaye, mbali.

Kwenye rafu ya ukutani niliona chupa ya mawese, mekundu na mazito. Ni ya Rumonge, alisema mama. Yanapanda kwa baiskeli na kwa malori, na njegere na viazi vinashuka. Watu wa juu na wa chini wamelishana hivyo muda mrefu, hata katika miaka ambayo waliogopana.

Baada ya hapo nchi ilifunguka. Tulitembea mgongoni kwa saa nyingi, wingu likija na kuondoka, na kila lilipoondoka vilima vilikuwa vimeongezeka. Ng'ombe wa pembe ndefu walisimama wametugeuzia mikia dhidi ya upepo. Watoto wachungaji walijifunika magunia yaliyokunjwa kichwani, mtindo wa kofia, wakatusalimu kwa mbali kwa kuimba. Katika bonde pana, lile kubwa kuliko yote tuliyovuka, korongo wawili wenye taji walikuwa wakitembea polepole kwenye maji wakiokota. Walituruhusu tukaribie kuliko nilivyodhani, kisha wakaruka kwa sauti ile yao nzito. Hutaga hasa kwenye vinamasi, na kinamasi kikikaushwa hawana pa kwenda. Afrika Mashariki kwa jumla wamepungua.

Sasa nifike kwenye lililoniuma. Bonde lililofuata lilikuwa limechimbwa mifereji, minyoofu, kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yamekimbizwa yote katikati. Viazi vilikuwa vimeshachipua kwenye matuta meusi, vizuri, vyenye afya. Pembeni mikaratusi ilikuwa imepandwa, mti ambao wakulima wenyewe wanajua unakunywa chemchemi. Mto uliotoka chini ya bonde hilo ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mto wa bonde la korongo ulikuwa mweusi lakini safi. Nilichota kwa kiganja nikaona vidole vyangu.

Sina la kumlaumu mkulima. Burundi ni nchi ndogo yenye watu wengi mno, mashamba ya vilimani yamegawanywa baina ya ndugu mpaka yamebaki vipande, na bonde ndilo pekee linalobaki na unyevu kiangazi wakati njaa inapobisha. Mzee alisema mwanawe mwenyewe ana kipande pale. Lakini nilikuwa nimeshika maji ya mabonde mawili kwa mkono mmoja ndani ya saa moja, na tofauti niliiona.

Mchana mrefu tulifika mahali pa chini kati ya vilima viwili, tambarare, pa maji, nyasi na kuvumwani tupu. Hapana nguzo, hapana kibao. Mzee alisimama akaelekeza fimbo nyuma: maji haya yanakwenda Ruvyironza. Akaelekeza mbele: haya yanakwenda ziwani. Nilitazama nikitafuta mstari, na mstari haupo. Maji yamesimama pale kana kwamba hayajaamua, na nadhani mvua ya wiki hii na upepo wa wiki ijayo ndivyo vinavyoamua. Yale ya nyuma yatapita Khartoum na Kairo. Yale ya mbele yatashuka Tanganyika, yatakaa humo muda mrefu sana, mengi yatapaa kwa jua, na yaliyobaki yatatoka kwa mto Lukuga pale Kalemie, yaingie Lualaba, yawe mto Kongo, yafike Atlantiki. Nilikaa juu ya fundo la nyasi mvua ikininyeshea, na sikuwa na haja ya kuondoka. Kijana alinyamaza pia. Kisha akasema kwamba akiwa Mishamo darasa la sita alichora mto Nili kwa kalamu ya bluu, akaanzia Jinja, na mwalimu akampa vema.

Bururi

Tuliingia Bururi jioni, miguu imekuwa mizito kwa matope. Mzee hakukubali kulala. Alikunywa chai akageuka na fimbo yake.

Bururi ni mji mdogo wa juu, wa baridi, wenye kanisa kubwa na shule nyingi. Ubavuni mwake umebaki msitu wa asili, hifadhi ya hekta zisizofika 4,000, kisiwa cha miti mikubwa katikati ya mashamba. Asubuhi tuliupitia. Baada ya siku nzima ya nyasi na upepo, kuingia chini ya miti ile kulikuwa sawa na kuingia nyumbani kwa mtu mkubwa: ghafla unapunguza sauti. Maji yanatiririka kila mahali chini ya majani yaliyooza, na ni safi.

Msitu huu una chura mmoja, mdogo, mweusi mwenye madoa ya kijivu-buluu, ambaye dume lake lina kidole kirefu kupita kiasi katika kila mkono wa mbele. Wanasayansi walimwona mara ya mwisho 1949. Halafu nchi ikapita yote iliyoyapita, na vitabu vikaanza kumhesabu miongoni mwa waliopotea. Desemba 2011 David Blackburn na Eli Greenbaum walikuja Bururi wakamtafuta usiku kwa kufuata sauti, na walimpata. Miaka 62. Hakuwa amepotea. Alikuwa akiita kila msimu wa mvua kwenye vijito hivi, na hapakuwa na mtu wa kwenda kumsikiliza.

Mumirwa

Kushuka Mumirwa ni kazi ya magoti. Mteremko umesimama, njia ni nyekundu na inateleza, na wanawake wanaipanda wakiwa na mafungu ya ndizi kichwani huku wewe unashikilia vichaka. Kila saa ya kushuka inakuongezea joto. Njegere zinaisha, kahawa inaanza. Kahawa inaisha, mihogo inaanza. Mikaratusi inabaki nyuma na maembe yanatokea. Kisha, kwenye kona, ziwa lote linatandazwa chini yako, na mtu wa Kigoma anahisi kitu kifuani hata kama alisema hakuja kwa ajili yake.

Mito inashuka pamoja nawe kwa kelele. Jiji na Murembwe, mikubwa ya upande huu, imejengewa mitambo ya umeme yenye uwezo wa karibu megawati 50, na kwa nchi yenye giza la Burundi hilo ni jambo zito. Mitambo hiyo nayo inategemea vile vinamasi vya juu vinavyoachia maji polepole kiangazi kizima. Bonde likikaushwa, maji yote huja siku ya mvua na udongo wake, kisha hayaji tena.

Mteremkoni tuliona makovu mapya, ubavu mzima wa kilima umemeguka na migomba yake, umelala bondeni.

Mdomoni mwa Murembwe

Kusini mwa mji wa Rumonge, pale Murembwe unapoingia ziwani, rangi mbili zinakutana. Ya mto ni ya matofali. Inasonga mbele ndani ya bluu, inapanuka, na mpaka wake unaonekana umbali wa kutupa nyavu mara kadhaa. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na mtu hudhani linaweza kumeza chochote. Lakini samaki wake wengi wadogo wa rangi, wale wa mawe ambao hawapatikani penginepo duniani, wanaishi ukingoni, na tope likishatanda juu ya mawe hawana pa kula wala pa kutagia. Walioyapima maji ya kaskazini mwa ziwa tangu miaka ya 1990 waliona hivyo: penye tope jingi, aina za viumbe ni pungufu.

Wavuvi walikuwa wanashona nyavu chini ya mwembe, pembeni ya nyumba zilizoingiliwa na maji hadi madirishani. Ziwa limepanda miaka hii, hapa na Kibirizi kwetu na Uvira, na familia zimehama mara mbili. Niliwaeleza nilikotoka. Hawakuamini kwamba nimetembea. Walitaka kujua huko juu pakoje, kwani wengi wao, waliozaliwa na kukua chini ya ukuta ule, hawajawahi kupanda kupita soko la Bururi. Nikawaeleza kuhusu bonde la korongo na bonde la viazi.

Mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, aliweka sindano chini. Alisema mwaka 2024 walifungiwa ziwa miezi mitatu, kuanzia Mei hadi Agosti, ili samaki wazaane, na walitii ingawa watoto walilala na uji mtupu. Akauliza, "Sasa dada, sisi tumefungiwa maji yetu. Lile bonde la juu linafungwa na nani?"

Kijana wa Mishamo alijibu kabla yangu. Alisema watu wa lile bonde wana njaa kama wao, na kwamba mama aliyetupa maziwa ana wanawe sita na kilima kimoja. Yule mvuvi alisema njaa anaijua, asifundishwe. Mwingine akaingilia, akataka serikali iwalipe wa juu waache mabonde. Mwingine akauliza hizo fedha zitatoka wapi wakati wavuvi wenyewe hawakupewa hata senti kwa miezi yao mitatu. Wakaanza kuhesabu: lori moja la viazi huko juu linauzwa kiasi gani, na usiku mmoja wa ndagala mzuri unaleta kiasi gani. Wakaniuliza bei za Kigoma, na nilizitaja, na zikabishaniwa moja moja. Jua lilikuwa bado juu na nyavu hazijaisha kushonwa.